Jinsi ya kuweka AutoCAD, Revit na wenzake vesheni zaidi ya moja kwenye kompyuta moja bila vurugu

Kabla hujafuta AutoCAD ya zamani ili uweke mpya, subiri kwanza. Watu wengi hapa Mwanza, kuanzia wanafunzi wa uhandisi kule SAUT mpaka vijana wanaochora ramani za nyumba Buswelu na Buhongwa, wanaamini kompyuta moja inabeba vesheni moja tu, ukitaka ya 2024 lazima ya 2018 iondoke, halafu mteja wa zamani akirudi na kazi yake ndio mtu anaanza kuhangaika kudanlodi upya magigabaiti kwa bando la simu. Sio lazima. AutoCAD, Civil 3D, Revit, ETABS, SolidWorks, MATLAB, QGIS, programu hizi zote za kuchora, kuhesabu majengo na kutengeneza ramani zimetengenezwa ili vesheni tofauti zikae pamoja, kila moja na folda yake.

Ugomvi hautoki huko. Ni sawa na nyumba ya kupanga, kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake, shida inaanzia kwenye luku moja na choo kimoja. Kwenye kompyuta vitu vya pamoja ni dabo kliki, mfumo wa leseni, setingi zako, na faili lenyewe la kazi. Hivyo vinne ndio vya kuvipanga, kuinstali kwenyewe ni kazi rahisi tu.

Kwanza jua faili limetoka wapi

Meseji ya kawaida kabisa, sevea (mpima ardhi) katuma mchoro wa mwalo kwa WhatsApp akiwa Ukerewe, wewe una AutoCAD 2016, unafungua inakwambia faili limetengenezwa na vesheni mpya zaidi. Unamjibu "injinia, mchoro haufunguki", yeye anakujibu "kwangu unafunguka vizuri tu". Wote mko sahihi. DWG, yaani muundo wa faili la mchoro wa AutoCAD, haibadiliki kila mwaka, inabadilika kwa vipindi. AutoCAD 2010 mpaka 2012 zinatumia muundo mmoja, 2013 mpaka 2017 muundo mwingine, na kuanzia 2018 mpaka hizi za karibuni kama 2025 bado ni muundo ule ule wa 2018. Kwahiyo mtu wa 2018 na mtu wa 2025 wanabadilishana michoro ya kawaida bila tatizo lolote, ila mtu wa 2017 na wa 2018 ambao wamepishana mwaka mmoja tu hawaelewani mpaka yule wa mbele asevu kwa muundo wa nyuma.

Kujua ni muundo gani huhitaji hata AutoCAD. Raiti kliki kwenye faili, fungua kwa Notepad, utaona takataka za alama za ajabu ajabu, usiogope, angalia herufi sita za mwanzo kabisa. Ukikuta AC1024 huo ni muundo wa 2010, AC1027 ni wa 2013, AC1032 ni wa 2018. Funga bila kusevu, narudia, BILA kusevu, maana ukisevu kwenye Notepad mchoro umeshaharibika.

Sasa hapa niseme ukweli ambao wauza programu hawasemi: kama shida yako ni kufungua DWG za kawaida tu, huhitaji vesheni mbili. Danlodi DWG TrueView ya Autodesk au ODA File Converter, zote za bure, ODA inabadilisha folda nzima kwa mkupuo mmoja. Na ukiwa wewe ndio mwenye vesheni mpya na unafanya kazi na watu wa zamani, andika OPTIONS, nenda Open and Save, pale kwenye Save as chagua muundo wa 2013 au 2010, basi kila ukisevu inatoka hivyo hivyo na hakuna atakayekupigia simu usiku.

Vesheni mbili unazihitaji pale ambapo kubadilisha hakutoshi, na hapo ndio Revit na Civil 3D zinaingia.

Revit hairudi nyuma, zoea

Revit haina kitu kinaitwa kusevu kwa vesheni ya zamani. Hakuna. Ukifungua modeli ya 2021 kwa Revit 2024 inakuletea kidirisha cha kupandisha modeli, inapandisha, ukisevu ndio basi, mwenzako mwenye 2021 hawezi kuigusa tena. Hata zile familia za milango na madirisha ukizisevu kwenye 2024 hazifunguki 2021. Kutoa IFC, faili la kubadilishana modeli kati ya programu, inasaidia kuonyesha umbo, ila modeli unayoipata upande wa pili sio ile tena, kuta hazihaririki kama kuta za kwako.

Kwahiyo ofisi yenye projekti mbili zilizoanza miaka tofauti inabidi iwe na Revit mbili, na kanuni ni moja: projekti inakaa kwenye vesheni iliyoanza nayo mpaka inakabidhiwa. Mkitaka kupanda, mnapanda wote siku moja, mchoraji, wa structure na wa umeme, mkiwa mmeshatunza kopi ya zamani pembeni. Habari njema ni kwamba Revit zenyewe zinakaa pamoja kwa amani kuliko programu nyingine yoyote ninayoijua, kila moja ina folda yake, maktaba zake za familia, hata programu-jalizi zake zinakaa kwenye C:\ProgramData\Autodesk\Revit\Addins na ndani yake kila mwaka una folda yake.

Civil 3D

Watu wa barabara na maji mnisikilize. Civil 3D inatumia DWG ile ile ndio, lakini vitu vyake vya ndani, surface (uso wa ardhi), alignment (mstari wa katikati wa barabara), corridor (mwili wa barabara), pipe network (mtandao wa mabomba), vina vesheni yake tofauti na DWG. Mchoro unaweza kufunguka vizuri halafu corridor yako imegeuka picha isiyoharirika. Ukimtumia mtu ambaye hana Civil 3D au ana ya zamani, tumia EXPORTTOAUTOCAD, itavunja kila kitu kuwa mistari ya kawaida, kwenye kopi sio kwenye faili lako. Kama anahitaji surface na alignment hai, mtolee LandXML, faili la kubadilishana data za ardhi na barabara.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, Civil 3D 2020 na AutoCAD 2020 zikiwa kompyuta moja zinakaa folda MOJA, C:\Program Files\Autodesk\AutoCAD 2020, Civil ni folda ndogo ya C3D humo ndani na zinatumia acad.exe ile ile. Ndio maana mtu anayefuta folda kwa mkono akidhani anaondoa AutoCAD anajikuta ameua na Civil. Ya mwaka mwingine haiguswi kwasababu ina folda yake.

Na kwa huku kwetu, ukishaweka Civil mpya hakikisha umeset mfumo wa koodineti kabla hujaingiza pointi. Mwanza iko UTM zoni 36 Kusini, na michoro mingi ya zamani iko kwenye Arc 1960 (mfumo wa zamani wa koodineti), kule QGIS namba yake ni EPSG:21036. Vesheni mpya haikumbuki ulichoset kwenye ya zamani, na pointi za Arc 1960 ukizisoma kama WGS84 (mfumo wa GPS) zinahama mamia ya mita, nyumba ya Capri Point inaweza kuoga ziwani.

Kabla hujaanza kuinstali

Angalia nafasi. AutoCAD 2024 inaomba GB 10 za diski, Revit 2024 inaomba GB 30, hapo hujaweka kazi zako. Laptopu yenye SSD ya 256 ukiweka Revit mbili na Civil moja unaanza kufuta picha za harusi. RAM haiongezeki mahitaji kwa kuwa na vesheni nyingi, inaongezeka ukizifungua kwa pamoja, GB 8 inatosha AutoCAD moja kwa kujibana, Revit ya sasa bila 16 utateseka.

Tengeneza restore point, yaani alama ya kuirudisha Windows ilivyokuwa, andika "restore point" kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows itakuletea. Inachukua dakika chache na ndio itakayokuokoa. Angalia pia Windows yako, AutoCAD 2020 ndio ya mwisho kukubali Windows 7, na 2019 ndio ya mwisho yenye 32-biti, kwahiyo mashine ya zamani ina ukomo wake hata ufanyeje.

Halafu umeme. Usianze kuinstali Revit saa ambazo mtaa wenu una kawaida ya kukatika kama mashine ni desktopu haina UPS, instolesheni iliyokatika katikati ni mbaya kuliko isiyoanza kabisa, inaacha nusu nusu kwenye rejista ya Windows na ukirudia inakwambia ipo tayari.

Mpangilio wa kuinstali

Anza na ya zamani zaidi, maliza na mpya. Sababu ni vile vitu vya pamoja, maktaba za material, launcher ya DWG, huduma ya leseni, ile ya mwisho kuingia ndio inaviandika, na unataka vilivyobaki viwe vya vesheni mpya kwasababu mpya kwa kawaida inaelewa ya zamani na sio kinyume chake. Ukiwa tayari una 2024 na sasa unataka 2018 usifute kitu, weka tu, halafu nenda Control Panel kwenye ile 2024 uchague Repair.

Kila vesheni iache kwenye folda inayoipendekeza yenyewe, usijifanye mjanja ukaziweka zote D:\CAD. SolidWorks ndio uwe makini kweli, instola yake ikikuta vesheni ya zamani inataka kuipandisha, lazima ubadilishe uchague kuweka instolesheni mpya pembeni, na folda ya Toolbox (maktaba ya boliti na nati) ya kila vesheni iwe yake, zikichangia, boliti zote za vesheni ya zamani zinapandishwa na assembly zako za zamani zinaanza kulalamika. Kusevu kurudi nyuma kwenye SolidWorks kumeanza na ya 2024, na ni vesheni mbili nyuma tu.

AutoCAD mpya ukiifungua mara ya kwanza itakuuliza kama uhamishe setingi kutoka ya zamani. Jibu langu ni hapana. Inabeba kila kitu, na menyu za programu-jalizi ambazo hazipo, na njia za folda zilizokufa, halafu kila ukifungua inakutupia makosa. Kopi kwa mkono vile unavyovihitaji: plot style zako za CTB (mipangilio ya kuprinti), fonti za SHX, template za DWT, na LISP zako (programu ndogo ndogo za kuongeza amri). LISP nyingi zinakubali vesheni yoyote, ila programu-jalizi za aina ya ARX na za .NET zinataka vesheni yake, na kuanzia AutoCAD 2025 walihamia .NET 8 kwahiyo zile za zamani za .NET usitegemee zitafanya kazi bila mtengenezaji kuzirekebisha.

Kwenye orodha ya programu utaona Microsoft Visual C++ Redistributable nyingi, 2008, 2010, 2012, 2013 na kuendelea. Kuna watu wakiona hivyo wanasafisha wakidhani ni marudio. Usiguse. Kila vesheni ya programu inategemea ya kwake.

Dabo kliki, hapa ndio kazi zinaharibika

Ukidabo kliki DWG, Windows haiiti AutoCAD moja kwa moja, inaita kitu kinaitwa AutoCAD DWG Launcher, na hiyo inafungua kwa vesheni iliyotumika mwisho. Jana ulikuwa kwenye 2018, mpwa wako akaja akacheza na 2024, leo unadabo kliki kazi ya Kirumba inafunguka 2024 na wewe hujui mpaka umeshasevu. Kwa DWG ya kawaida hakuna msiba, kwa Civil au Revit umeshapandisha projekti nzima.

Dawa ni kuacha dabo kliki kwa kazi zenye vesheni yake. Njia ninayoipenda kuliko zote ni Send to. Bonyeza Windows na R, andika shell:sendto, enta, inafunguka folda. Nenda kwenye folda ya kila vesheni, tafuta acad.exe au Revit.exe, tengeneza shortcut yake, ikopi kwenye ile folda ya SendTo na uipe jina linaloeleweka, "CAD 2018", "CAD 2024", "Revit 2021". Kuanzia hapo raiti kliki faili lolote, Send to, chagua. Kwenye Windows 11 menyu hiyo imejificha ndani ya Show more options. Kila ukituma hivyo AutoCAD inafungua dirisha jipya kabisa, kwa mashine yenye RAM ndogo usitume michoro kumi kwa pamoja.

Njia nyingine ni kufungua kwanza vesheni unayoitaka halafu Ctrl na O. Wanaopenda kuburuta faili waangalie wanaliachia wapi, ukiliachia juu ya mchoro uliofunguliwa linaingia kama bloku ndani ya mchoro huo, liachie kwenye mstari wa kuandikia amri ndio linafunguka lenyewe.

Na kwenye kila folda ya projekti weka faili dogo la maandishi, VESHENI.txt, ndani andika programu na mwaka, mfano "Civil 3D 2020, Arc 1960 UTM 36S, usipandishe". Inaonekana kama utoto mpaka siku kijana wa field anakaa kwenye mashine yako ukiwa hupo.

Leseni

Leseni ya kulipia ya Autodesk inakupa vesheni ya sasa na tatu za nyuma, kwahiyo vesheni mbili au tatu kwenye mashine moja ni haki yako, sio wizi. Vesheni mpya zote zinachangia huduma moja ya leseni kwenye Windows. Ndio sababu kracki inayowekwa kwenye vesheni moja inaharibu nyingine yenye leseni halali, inagusa ile huduma ya pamoja, unashangaa 2024 uliyoilipia inagoma kwasababu ya 2021 ya flashi ya mtu. Achilia mbali kwamba zile flashi ndio zinazoleta virusi vya acad.lsp vinavyosambaa folda kwa folda. Mwanafunzi chukua ile ya elimu ni bure, huna sababu.

Kingine ni saa. Desktopu yenye betri ya bodi iliyokufa, umeme ukikatika tarehe inarudi miaka ya nyuma huko, na leseni zikiona tarehe imerudi nyuma zinahisi udanganyifu zinajifunga. Kabla hujamlaumu mtu angalia saa pale chini kulia. Betri yenyewe ni ile ya duara CR2032, ya bei ndogo tu.

QGIS, ETABS na wengine

QGIS ndio inadanganya watu. Programu zinakaa folda tofauti vizuri, lakini vesheni zote za 3 zinachangia profaili moja ya mtumiaji iliyoko AppData\Roaming\QGIS\QGIS3\profiles. Plagini uliyoapdeti kwenye mpya ndio hiyo hiyo inaitwa na ya zamani, na inakufa. Nenda menyu ya Settings, User Profiles, New Profile, tengeneza kwa mfano "mpya", halafu kwenye shortcut ya vesheni mpya raiti kliki, Properties, mwisho kabisa wa mstari wa Target ongeza nafasi na --profile mpya. Ya zamani iache na ile default. Kila moja sasa ina plagini zake.

ETABS kila namba ina folda yake, hazigusani, ila modeli ya mpya haifunguki ya zamani. Toa e2k, ni faili la maandishi, vingi vitaingia upande wa pili lakini pitia mizigo na section moja moja kabla ya kurun, usiamini kwasababu umbo limeonekana. Na ukifungua EDB (faili la modeli la ETABS) ya zamani kwa mpya, fungua kopi. MATLAB haina maneno, R2019b na R2023b kila moja na folda yake na setingi zake, Simulink ndio unaexport kwa vesheni ya nyuma. EPANET (ya kuhesabu mabomba ya maji) ya 2.0 na 2.2 ni nyepesi kiasi kwamba huhitaji hata kufikiria, weka zote.

Ikishindikana kabisa

Kuna programu hazikai na Windows ya sasa, mfano zile za kushusha data za total station (vifaa vya kupimia ardhi) za zamani kwa waya wa serial. Hapo weka VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya yako, ndani yake Windows 7 yenye leseni, ukiwa na RAM ya 16 mpe GB 4, kisha kwenye menyu ya Devices uipe ule waya wa USB wa kwenda serial. Shusha pointi, toa CSV, rudi kwenye mashine ya kawaida. Usiipe intaneti hiyo Windows 7, apdeti zake za usalama zilikoma Januari 2020. Na usijaribu kurun Revit humo, grafiki zake zitakuchosha.

Siku ya kuondoa

Siku projekti ya mwisho ya 2018 imekabidhiwa na unataka nafasi, ondoa kwa Control Panel, ya zamani kwanza. Maktaba za material usiziguse kama bado kuna Revit au AutoCAD nyingine inabaki. Baada ya kuondoa fungua iliyobaki, ikilalamika fanya Repair. Kisha angalia C:\Autodesk, humo instola huwa zinajifungua na kubaki, mara nyingi ni magigabaiti, hiyo unaweza kuihamishia kwenye diski ya nje, maana ndio instola yako ya akiba siku ukitakiwa kuirudisha.